Mtoto Aliye Tumboni
(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetuagiza tuseme habari za mtoto asiyezaliwa bado. Huenda mzee akauliza, mambo ya wajawazito yaingiaje barazani? Twajibu: katika daftari la chama, fedha za maziko ya watoto wachanga tumeziandika kwa mkono wetu wenyewe.

Zamani tumbo la mama lilidhaniwa kuwa ngome. Kumbe ngome ile ina mlango. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Australia, alitambua kwamba watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho, mama zao waliugua rubela mimba ikiwa changa. Tena mwaka 1957 dawa ya usingizi iitwayo thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi, ikasifiwa kuwa haina madhara. Ilipoondolewa madukani mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa wenye viungo vifupi.

Kwetu wako maadui watatu. Wa kwanza ni pombe, ambayo humfikia mtoto kwa damu ya mamaye na kudhuru ubongo wake. Wala hakuna kiasi kijulikanacho kuwa salama. Wa pili ni malaria, ambayo hujificha katika kondo la nyuma, mtoto akazaliwa mwepesi na dhaifu. Wa tatu ni kaswende, iwezayo kumwua mtoto tumboni. Lakini ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini humponya mama na kumwokoa mtoto.

Na hapa ndipo penye aibu yetu wanaume. Mke hutibiwa, mume akakataa kupimwa damu, na ugonjwa ukarudi nyumba ile ile. Hata sisi tusemao haya tulisita mlangoni pa zahanati, tukiona haya kuonekana. Haya hiyo hailei mtoto.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba mambo manne. Mume afuatane na mkewe zahanati tangu miezi ya kwanza, nao wote wawili wapimwe. Mjamzito alale ndani ya chandarua. Asipewe pombe katika karamu zetu, hata kwa heshima. Wala asinywe dawa ya duka au ya miti asiyoulizia kwa mkunga au daktari.

Tena twaomba nauli ya zahanati itolewe katika mfuko ule ule wa maziko. Ni heri shilingi itangulie kuliko kuifuata sanda.

Wazee wetu, neno ni lenu.