Vidole Vinauma? Chungulia Chini ya Vitufe

(Mada iliyotolewa mbele ya wanaklabu ya afya wa shule ya sekondari)

Najua mmetoka kula, lakini msisinzie. Leo tunazungumzia vidole.

Nianze na yangu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, nilichapa utafiti wangu usiku tatu mfululizo kwa kibodi ya kuazima. Vitufe vilikuwa vigumu, vinakwaruza, nami nikavipiga kama natwanga kisamvu. Asubuhi ya nne kikombe cha chai kikanidondoka. Vidole vilikuwa na ganzi! Niliogopa, jamani. Zahanati waliniambia nipumzishe mikono na nijifunze kuchapa polepole. Ndipo nikajiuliza: kwa nini kibodi moja ni laini na nyingine inagoma?

Kwanza, uzito. Zipo kibodi ambazo kila kitufe kina swichi yake, huitwa kibodi za mekanika. Ndani ya swichi kuna kigingi cha plastiki, springi, na vipande viwili vya metali. Ukibonyeza, kigingi kinashuka, metali zinagusana, na kompyuta inapokea herufi. Wa fizikia mnaijua kanuni ya Hooke: kadiri springi inavyobanwa, ndivyo inavyokusukuma zaidi. Basi uzito unatokana hasa na ugumu wa springi, na jinsi ilivyobanwa tangu kiwandani.

Chukua swichi za kampuni ya Cherry ya Ujerumani. Ile nyekundu inataka nguvu ya gramu 45 hivi, nyeusi gramu 60 hivi. Zote mbili herufi inaingia kitufe kikishuka milimita 2, ingawa safari nzima ni milimita 4. Umeona? Hakuna haja ya kugonga mpaka chini! Ile ya kahawia ina kivimbe katikati, kidole kinahisi kama daladala inavuka tuta. Kivimbe hicho nacho kinaongeza nguvu inayotakiwa.

Pili, ulaini. Hapa adui ni msuguano. Kigingi kinasugua kuta za swichi kila kinaposhuka na kupanda. Plastiki iliyosawazishwa vizuri inateleza, yenye mikwaruzo inakwaruza. Nafasi kati ya kigingi na kuta ikiwa finyu mno, kinakwama. Ikiwa kubwa mno, kinayumba. Ukibonyeza pembeni ya kitufe badala ya katikati, msuguano unaongezeka. Na vumbi je? Hilo mnalijua wenyewe.

Grisi maalumu, kidogo tu, husaidia. Ikizidi, kitufe kinarudi kwa uvivu. Ila tafadhali, msitie mafuta ya kupikia! Yatanata na kukusanya vumbi zaidi.

Sasa, je, springi nyepesi ndiyo dawa? Si lazima. Ikiwa nyepesi mno, kidole kikipumzika tu juu yake, herufi zinajiandika. Tena mtu mwenye tabia ya kutwanga atatwanga hata kitufe chepesi. Kwa hiyo:

- Bonyeza taratibu, katikati ya kitufe.
- Nyoosha vifundo vya mikono, usivikunje.
- Pumzika mara kwa mara. Simama, kunjua vidole.
- Zima kompyuta, chomoa kibodi, ipindue na kung'uta vumbi.
- Ganzi au maumivu yasipoisha, nenda kituo cha afya. Usione aibu.

Mtihani mdogo wa nyumbani: pangeni sarafu moja moja juu ya kitufe mpaka kishuke, kisha mzipime kwa mizani ya maabara. Mtajua kwa kukadiria vidole vyenu vinabeba nini.

Mwenzako akichapa polepole, usimcheke kuwa ni mvivu. Huenda tatizo liko chini ya vitufe vyake. Haya, nani ana swali?