Kiwanja Chetu na Watoto Wasiotulia
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twasimama mbele yenu kuwasemea watoto wasio na msemaji. Wako kati yetu watoto wasioweza kutulia: husahau walilotumwa, hukatiza maneno, na darasani huadhibiwa kila siku. Tumezoea kuwaita watukutu. Lakini madaktari hutufahamisha kwamba baadhi yao wana hali iitwayo ADHD, ambayo si ukaidi wala si kosa la mama zao, na fimbo haiiondoi.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitoa habari za watoto 17 wenye hali hiyo, wa miaka 7 hadi 12. Walitembezwa dakika 20 bustanini, na siku nyingine katikati ya mji au mtaani penye nyumba. Walipotoka bustanini waliweza kukaza fikira zaidi. Hatusemi miti ishike mahali pa daktari. Twasema ni msaada usiolipiwa.

Sasa liko shauri la kujenga vyumba vya kupangisha katika kiwanja chetu. Fedha twazihitaji, hatukatai. Lakini tukumbuke kwamba mwaka 1989 marehemu Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, Nairobi, nalo halikujengwa, bustani ingalipo.

Twaomba mambo mawili: kiwanja kiachwe, na kila mwanachama ajitolee Jumamosi moja kila mwezi, apande miti na kuimwagilia maji pamoja na watoto hawa.