Nyayo za Mnyama Mla Nyama Mwambani



Kila mchungaji ajua unyayo wa ng'ombe katika tope la mahali pa kunyweshea. Jua likiwaka siku nyingi, tope hukauka na kuwa gumu. Maji yakirudi kwa upole huleta mchanga, nao huujaza unyayo bila kuuharibu. Tabaka zikilaliana juu yake kwa miaka isiyohesabika, vyote hugeuka mawe.

Ndivyo ilivyokuwa huko Lesotho, karibu na mji wa Roma. Mwaka 2017 wataalamu, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walitangaza habari za nyayo za dinosau mla nyama, zilizokaa mwambani miaka kama milioni 200. Unyayo una vidole 3 na urefu wa inchi 22. Kwa kipimo hicho tu mnyama huyo alikadiriwa kuwa na futi 30 hivi, toka pua hata mkia!

Kenya nako, katika vilima vya Lapurr kaskazini mwa Turkana, imechimbuliwa mifupa na meno ya dinosau. Lakini mfupa waweza kuchukuliwa na mto mbali na alipofia mnyama. Unyayo hauhami, ulipo ndipo alipokanyaga. Kwa hiyo mwenye kuubandua kwa sururu ili auweke nyumbani hubaki na jiwe tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yamtaka aliyevumbua kitu cha namna hii awape habari Makumbusho ya Taifa katika siku 7, akitaja mahali penyewe hasa.