Hiari ya Mtu Mzima: Mhadhara juu ya Kuukana Uraia wa Pili



Jambo ninalokusudia kulizungumza jioni hii ni dogo tukilipima kwa karatasi inayoandikiwa, ambayo aghalabu haizidi ukurasa mmoja, lakini ni zito tukilipima kwa maisha ya mwenye kuitia sahihi. Nalo ni tendo la mtu aliyezaliwa raia wa nchi mbili, ambaye akisha kutimiza umri wa utu uzima hutakiwa na sheria, au hutaka kwa nafsi yake, kuukana uraia mmoja ili abaki na mwingine. Katika mji huu wetu wa Bujumbura, ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambao watu wake wameoana na watu wa Uvira, wa Kigoma na wa Ujiji tangu kabla Wazungu hawajaipima mipaka, na ambao baadhi ya jamaa zake leo wanaishi Maskati na Brussels, mas'ala haya hayako vitabuni tu, bali yamo majumbani mwetu, katika sanduku la bati linalotunza vyeti vya kuzaliwa.

Neno langu nalitanguliza mapema, ili msikilizaji ajue ninakoelekea. Kuukana uraia ni haki ya mtu, na maadamu ni haki ya mtu mzima, haifai itimie ila kwa masharti matatu: awe ameukana kwa hiari, awe ameukana akijua anachokipoteza, na asiwe ameukana kabla uraia ule mwingine haujathibiti mkononi mwake. Likikosekana moja katika hayo matatu, basi kilichofanyika ni dhuluma iliyovikwa joho la sheria, hata kama mihuri yote imepigwa mahali pake.

Tumchukue kijana ambaye baba yake ni Mrundi wa Buyenzi, hapa mjini, na mama yake ni Mtanzania wa Ujiji. Sheria ya uraia ya Burundi ya tarehe 18 Julai 2000 hufuata zaidi nasaba ya baba, kwa hiyo mtoto huyu ni Mrundi tangu pumzi yake ya kwanza. Na sheria ya Tanzania ya mwaka 1995 inamhesabu naye kuwa wake. Hakuomba, hakuapa, wala hakutia sahihi popote. Amejikuta tu raia wa dola mbili, kama alivyojikuta ana maami upande huu na wajomba upande ule. Kwa miaka kumi na minane hakuna anayemsumbua. Lakini siku anapotimiza umri huo, sheria ya Tanzania inamwambia kwamba asipoukana uraia wa nchi nyingine na kula kiapo cha utii, uraia wake wa Tanzania utakoma katika muda uliowekwa. Na ukikoma, haukomi kwa hukumu ya kadhi wala kwa barua ya waziri, bali kwa kupita kwa siku tu, ilhali kijana mwenyewe pengine yuko uwanjani anacheza mpira.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo nawaomba wanafunzi wangu waishike sana. Mtu anayekwenda ofisini, akaulizwa, akajibu, akaandika na kutia sahihi, huyo ameukana uraia. Lakini mtu aliyelala raia akaamka si raia, kwa sababu tu kalenda imegeuka ukurasa, huyo ameukosa, na kukana na kukosa si mambo ya daraja moja.

Msidhani, hata hivyo, kwamba haki yenyewe ya kukana ni kongwe. Waingereza kwa karne nyingi walishikilia kwamba aliyezaliwa chini ya mfalme wao hubaki katika utii wake mpaka kaburini, ahamie atakapohamia na aape kiapo atakachoapa; na kwa kanuni hiyo manowari zao zilikuwa zikizisimamisha merikebu za Marekani na kuwatoa mabaharia waliozaliwa Uingereza, wawe na hati za uraia mpya au wasiwe nazo, jambo lililokuwa miongoni mwa sababu za vita vya mwaka 1812. Marekani kwa sheria ya tarehe 27 Julai 1868 ikatangaza kuwa kuuacha uraia ni haki ya asili ya watu wote, na Waingereza wakaiacha kanuni yao ya kale mwaka 1870. Wala si ajabu ndogo kwamba dola ile ile iliyoitangaza haki hii kuwa ya asili, mwaka 2014 ilipandisha ada ya kuukana uraia wake kutoka dola 450 hadi dola 2,350. Kwani hakuna haki ambayo karani hawezi kuipachika bei.

Mkataba uliofanywa The Hague mwaka 1930 uliliangalia hasa jambo letu. Kifungu chake cha sita kinasema kwamba mtu aliyepata uraia wa nchi mbili pasipo kutenda lolote la hiari yake anaweza kuuacha mmoja kwa idhini ya dola anayotaka kuiaga, na kwamba idhini hiyo haifai kunyimwa mtu ambaye makao yake ya kawaida yako nje. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 likaongeza, katika kifungu cha 15, kuwa kila mtu ana haki ya uraia, na kuwa hakuna atakayenyang'anywa uraia wake kwa jeuri wala kunyimwa haki ya kuubadili. Na mkataba wa mwaka 1961 wa kupunguza hali ya kutokuwa na uraia ukaweka kizuizi kwamba kuukana uraia kusimpotezee mtu uraia wake ila awe na mwingine au aupate. Mtaona kwamba masharti yangu matatu sikuyazua mimi. Yamekuwa yakikusanywa kidogo kidogo na mataifa, kila moja likiwa limetokana na taabu ya watu fulani.

Tukiwatazama majirani zetu, tunaona kila mmoja na sheria yake. Burundi, ambayo kwa sheria ya mwaka 1971 haikumruhusu mtu kushika uraia mwingine, iliufungua mlango mwaka 2000. Rwanda iliuruhusu uraia wa nchi mbili katika katiba ya mwaka 2003, na Uganda ikaufungulia njia kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005. Kenya, ambayo katiba yake ya zamani ilimtaka kijana achague akisha kutimiza miaka 21, iliiacha kanuni hiyo kwa katiba ya mwaka 2010. Kongo imebaki na msimamo wake: kifungu cha 10 cha katiba ya mwaka 2006 kinasema kuwa uraia wa Kongo ni mmoja, wala hauchangamani na mwingine wowote. Basi Mrundi mwenye uraia wa pili, akisimama hapa Bujumbura, kaskazini ana jirani anayemruhusu, na mashariki na magharibi ana majirani wasiomruhusu. Na maadamu jamaa zetu wengi wako mashariki na magharibi, kijana wetu hukutana na swali hili mapema kuliko kijana wa nchi nyingi.

Nako Ulaya mambo si tofauti sana. Ujerumani, iliyopata kuitawala nchi hii, iliwawekea watoto wa wageni waliozaliwa kwake tangu mwaka 2000 sharti la kuchagua kati ya miaka 18 na 23, kisha mwaka 2014 ikawaondolea sharti hilo wale waliokulia huko. Ubelgiji, nao ulitutawala, haumzuii mtu kuwa na uraia mwingine; lakini Mbelgiji aliyezaliwa nje, akakaa nje kati ya miaka 18 na 28 bila kutangaza kwamba anataka kubaki Mbelgiji, anaweza kuupoteza uraia huo maadamu anao mwingine. Na jamaa zetu wenye asili ya Oman, walioitikia mwito wa kurudi baada ya Sultani Qaboos kushika dola mwaka 1970, wanaijua vyema sheria ya huko, isiyomruhusu Muomani kuchanganya uraia ila kwa idhini maalumu.

Sasa niwaleteeni kisa kinachotuhusu sisi kuliko vyote, kwa kuwa waliopatwa nacho ni damu yetu. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 hapa Burundi, maelfu kwa maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania, wakapewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu huko Tabora, na ya Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walikata misitu, wakalima, wakazaa na kuzika, hata wakawa walishaji wa wilaya zile. Mwaka 2007 walipohesabiwa, walikuwa wapata 218,000, na walipoulizwa kama wanataka kurudi au kubaki, takribani wanne katika kila watano walichagua kubaki na kuwa raia wa Tanzania. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania iliridhia maombi ya watu wapatao 162,000, tendo la ukarimu ambalo mifano yake katika dunia ni michache, na ambalo Warundi tunawajibika kulishukuru.

Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokwenda baada ya hapo. Kwa kuwa Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili, watu hawa walitakiwa waukane uraia wa Burundi, nao wakaukana. Na hati za uraia mpya hawakupewa papo hapo, kwa sababu walitakiwa kwanza wahame makazi yale na kutawanyika katika mikoa mingine, mpango ambao ulikwama na baadaye ukaachwa. Hati zilianza kukabidhiwa mwezi wa Oktoba 2014, wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Katika miaka ile iliyopita kati ya kukana na kupokea, mkulima wa Katumba alikuwa ameiaga Burundi kwa maandishi, na Tanzania ilikuwa imemkubali kwa maneno. Hakujua ajenge nyumba ya tofali au aendelee na ya udongo, apande miembe au apande mahindi ya msimu, na akitaka kusafiri alikuwa hana cha kumwonyesha askari wa njiani ila karatasi ya ukimbizi ambao aliambiwa umekwisha. Wazee wetu walitwambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Na hawa waliuacha mbacha kwa amri, kisha wakaambiwa wangoje msala.

Simlaumu mtumishi yeyote wa serikali yoyote, kwani jambo la kuwapa uraia watu laki na nusu si jambo la siku moja. Nalaumu mpangilio. Sheria ingaliweza kwa urahisi kusema kwamba kukana kutakuwa na nguvu siku ile ile ya kukabidhiwa hati mpya, saa ile ile, mezani pale pale, na taabu yote ile ya katikati isingalikuwapo.

Wako watakaonijibu kwa hoja mbili zinazopingana, na zote zina wazee nyuma yake. Wa kwanza watasema mshika mbili moja humponyoka, na kwamba dola haiwezi kumtegemea mtu mwenye viapo viwili. Hoja hii ina uzito kwa mtu anayetaka kuwa jemadari, waziri au balozi, na sioni ubaya sheria kumtaka mtu wa cheo hicho awe na uraia mmoja. Lakini mwuza samaki wa Rumonge mwenye mama wa Kigoma hana siri ya dola anayoweza kuisaliti. Utii wake unaonekana katika kodi anayolipa na amani anayoitunza. Wa pili watasema mwacha asili ni mtumwa, na kwamba anayeukana uraia wa wazee wake amewakana wazee wenyewe. Hawa nawajibu kwamba asili haiandikwi katika pasipoti wala haifutwi nayo: waliobaki Ulyankulu wangali wakisema Kirundi na watoto wao, na sheria ya Tanzania haikuwakataza.

Kwenu vijana, nasema yaliyo ya kutendwa. Kabla hujatia sahihi, uliza kwa maandishi, si kwa mdomo, umri na muda uliowekwa na sheria za nchi zote mbili. Uliza kama uraia unaouacha unaweza kurejeshwa siku moja, na kwa njia gani. Uliza yatakayopata ardhi, kwa maana Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1999, ilikataa kummilikisha ardhi asiye raia ila kwa ajili ya uwekezaji, na shamba la bibi yako mzaa mama laweza kukutoka kwa sahihi uliyoitia mahali pengine kabisa. Uliza yatakayowapata watoto ambao hujawazaa. Kisha, ukisha kukana, usiondoke ofisini bila waraka unaoshuhudia kwamba umekana, kwa kuwa dola ya pili haitakuamini kwa kauli yako.

Na kwenu mnaotunga sheria katika nchi hizi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia tarehe 1 Julai 2007, na ambayo soko lake la pamoja lilianza mwaka 2010 kwa ahadi ya watu kwenda na kurudi kwa uhuru, nina ombi moja. Nchi iliyoamua kuwa na uraia mmoja ina haki ya kufanya hivyo. Lakini na imwandikie kijana barua kabla ya umri wake kutimia, impe miaka ya kutosha ya kufikiri, isimpokonye uraia kwa ukimya wake, na isiupokee ukanaji wake mpaka hati ya pili iwe mbele yake. Haya hayahitaji mkataba mpya wala fedha nyingi. Yanahitaji kifungu kimoja katika kila sheria, na insafu ya kukiandika.