Maziwa Mala, Njugu na Ufuta: Chakula cha Mtoto wa Shule

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mimi ni karani, wala si tabibu. Lakini jambo nitakalolisema lamhusu kila mwenye mtoto, awe yuko Likoni, Kisauni au Changamwe. Watoto wetu wengi huenda shule asubuhi kwa kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate. Chakula hicho hutuliza njaa kwa saa moja, kisha mtoto husinzia darasani, nasi twamwita mvivu.

Dawa yake i karibu nasi. Wakalenjin wana mursik yao, na Wamasai huyagandisha maziwa katika vibuyu. Waacholi wa Uganda husaga ufuta pamoja na njugu wakapata odii, na watu wa Sham huchanganya ufuta uliosagwa na maziwa ya mgando. Sisi watu wa pwani njugu na ufuta twavijua sana, ila aghalabu huvila katika kashata, vimezama ndani ya sukari.

Matayarisho yake ni haya. Chemsha lita moja ya maziwa, uyaache yapoe hadi kidole kivumilie joto lake. Tia vijiko viwili vya maziwa mala mazuri ya jana, funika, uyaache usiku kucha. Kaanga njugu, pepeta maganda, kisha twanga mpaka mafuta yatoke. Ufuta nao ukaangwe kidogo tu, maana ukiungua huwa mchungu. Kwa kikombe kimoja cha maziwa tia kijiko kimoja au viwili vya rojo hilo na ndizi mbivu, upekeche mpaka vichanganyike. Sukari haihitajiki. Na wale ambao matumbo yao hujaa kwa maziwa mabichi, wengi wao huyaweza yaliyoganda, kwa sababu sehemu ya sukari ya maziwa imekwisha kugeuka kuwa asidi.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Kwanza, maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa, kwani uchachu peke yake hauondoi kwa hakika vijidudu vya maradhi yatokayo kwa ng'ombe. Pili, tuache desturi ya kuuza njugu nzima na kutwanga zilizobaki, zilizosinyaa na kuota kuvu, kwa ajili ya watoto wetu. Kuvu hilo lina sumu iitwayo aflatoksini, na moto wa kukaangia hauimalizi. Mwaka 2004 sumu hiyo, iliyokuwa katika mahindi, iliua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao wa Makueni na Kitui. Wala njugu mbovu asipewe ng'ombe, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa yake, ikaturudia kikombeni. Zitupwe. Tatu, mtoto asiyetimiza miezi sita apewe maziwa ya mama tu. Na yeyote ambaye njugu au ufuta humvimbisha uso au kumbana pumzi asivionje kabisa.

Wazee wangu, shauri langu ni dogo. Katika kila mkutano chama hununua soda. Naomba fedha hizo kwa mwaka ujao zinunue maziwa, njugu zilizochaguliwa na ufuta, na akina mama wenye ujuzi watuonyeshe matayarisho yake hapa hapa, sisi wanaume tukiwapo. Maana mwenye kutoa fedha za sokoni ndiye aamuaye kama njugu nzima zitauzwa au zitabaki nyumbani. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi huanzia kikombeni.

Bwana Mwenyekiti, naliacha shauri hili mikononi mwa wanachama.