Bani la Tumbaku: Lini Likarabatiwe, Lini Lijengwe Upya

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi)



Masoko yamefungwa, mvua haziji kabla ya Novemba, na miezi hii mikavu ndiyo miezi ya kushika udongo na matofali. Ndiyo pia miezi ambayo kila katibu hupokea maombi ya aina moja: mwanachama anataka mkopo wa bati, saruji au mabomba kwa ajili ya bani lake. Swali lililo mbele ya kamati ni hili: je, bani hilo likarabatiwe, au liachwe na kujengwa jingine?

Jambo hili si dogo. Bani likishindwa kazi katikati ya Februari, majani yaliyokwisha kuiva hayangoji shambani. Mkulima hupoteza mavuno, deni la pembejeo hubaki pale pale, na kwa kuwa twadhaminiana, deni lake huwa letu sote.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ni wa kweli. Hata hivyo, upo ufa ambao kila ukizibwa mwaka huu, mwakani hufunguka mahali pale pale, kwa kuwa ubovu hauko ukutani bali katika msingi. Hatuna budi kujifunza kuutenga ufa huu na ule.

Kwanza, tukumbuke kazi ya bani. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa joto, wala si kwa moshi. Kuni huwaka tanurini, moto na moshi hupita ndani ya mabomba yaliyolazwa karibu na sakafu, kisha moshi hutoka nje kwa dohani. Siku za kwanza joto huwekwa kati ya digrii 35 na 40 za sentigredi ili jani ligeuke njano. Baadaye hupandishwa polepole, hata mwisho hukaribia digrii 70 ili uti wa jani ukauke. Kazi yote huchukua yapata siku 5 hadi 7. Basi bani lisiloweza kushika joto, au linalopitisha moshi ndani, limeacha kuwa bani hata kama linapendeza kwa nje.

Sasa, yapi ni ya kukarabati? Ni yale yaliyo katika sehemu inayoweza kutolewa na kurudishwa peke yake. Bomba lililotoboka ni la namna hiyo. Aghalabu bomba linaloungua mapema ni lile lililo karibu na tanuri, kwa sababu ndilo lipokealo moto mkali. Likiwa limeanza tu kuwa jembamba, laweza kuhamishiwa upande wa dohani ambako joto ni dogo, na lile la upande wa dohani likaletwa mbele. Likitoboka, linunuliwe moja, si yote. Hali kadhalika mlango uliopinda, matundu ya hewa yasiyofunga, masizi yaliyojaa katika mabomba, na plasta iliyobanduka. Udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri huziba nyufa ndogo bila gharama ya saruji.

Na yapi ni dalili za kuacha? Ukuta ulioinama. Ufa upitao kutoka msingi hata paa, na urudio baada ya kuzibwa misimu miwili. Msingi uliolika kwa maji ya mvua. Paa ambalo miti yake imeliwa na mchwa, kwa maana fito zenye majani mabichi ni mzigo mzito, na paa na vichanja vikianguka juu ya mabomba ya moto, bani zima huteketea.

Wenzetu wa mjini wenye tangi la umeme la kuchemshia maji ya kuoga hukutana na swali hili hili. Chuma cha ndani kinachopasha maji joto kikiungua, hubadilishwa hicho peke yake. Lakini tangi lenyewe likianza kuvuja kwa kutu, fedha ya kuliziba ni fedha iliyotupwa. Kuta na msingi ndilo tangi letu.

Ili kamati isiamue kwa macho matupu, napendekeza majaribio mawili. La kwanza: mtu aingie katika bani tupu wakati wa adhuhuri, afunge mlango, atazame. Palipo na mwanga ndipo joto linapotokea. La pili: katika tanuri iwashwe moto mdogo wa majani mabichi, na mtu atazame ndani kutoka mlangoni ni kiungo kipi cha bomba kinachotoa moshi. Asijifungie humo, kwani hewa ya moshi yaweza kuua.

Baada ya majaribio, ije hesabu. Tusiulize tu kazi itagharimu kiasi gani. Tuulize itagharimu kiasi gani kwa kila msimu. Tuseme, kwa mfano tu, kunyosha ukuta na kufanya upya paa ni shilingi 300,000, na kazi hiyo itadumu misimu 2. Hiyo ni shilingi 150,000 kwa msimu. Bani jipya la shilingi 1,200,000 litakalodumu misimu 10 ni shilingi 120,000 kwa msimu. Hapo lililo ghali ndilo rahisi. Lakini mabomba mawili ya shilingi 100,000 yatakayodumu misimu 4 ni shilingi 25,000 tu kwa msimu, na anayeomba bani jipya kwa ubovu wa namna hiyo arudishwe kwa upole.

Hesabu hiyo haitimii bila kuni. Namwomba kila katibu awahimize wanachama kuandika mambo mawili katika kila zamu ya kukausha: mikokoteni ya kuni iliyotumika, na siku zilizopita. Bani ambalo kuni zake zaongezeka mwaka hata mwaka, na siku zake zarefuka, linasema lenyewe kwamba limechoka. Majaribio ya mabani yenye tanuri lililoboreshwa katika nchi jirani ya Malawi yameonyesha kwamba kuni zaweza kupungua kwa kiasi cha nusu. Kwa hiyo kama ni kujenga, tusijenge bani la zamani kwa matofali mapya. Tena tukumbuke kwamba matofali ya kuchoma nayo hula kuni. Matofali mabichi chini ya paa zuri yafaa kwa kuta nyingi.

Wazee wetu waliopita njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji walitembea siku nyingi ndani ya miyombo. Leo, pembezoni mwa vijiji vyetu vya tumbaku, mkokoteni wa kuni waenda mbali kila mwaka zaidi ya mwaka uliotangulia. Miyombo hiyo ndiyo pia malisho ya nyuki wetu. Utafiti uliofanyika Tumbi katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba miti kama Acacia crassicarpa hutoa kuni za kutosha katika miaka 4 au 5. Mwenye kuomba bani jipya aonyeshe pia mahali atakapopanda miti yake.

Mwisho, wakati. Misafara iliyotoka pwani ilituama hapa Tabora; mizigo ikafunguliwa na kufungwa upya, na wapagazi wengine wakaajiriwa, kwa kuwa mbele palikuwa na pori refu. Kamba mbovu ilifaa kuonekana hapa, si njiani kuelekea Uvinza. Basi na sisi mabani yakaguliwe mara baada ya zamu ya mwisho ya kukausha, ubovu ungali wakumbukwa, na maombi yafike kwa kamati kabla ya Agosti. Ombi lifikalo Desemba haliwezi kujenga bani. Laweza tu kuongeza deni.

Ndugu zangu, katibu anayekataa mkopo usiofaa na katibu anayeidhinisha mkopo unaofaa wote wawili wanalinda mali ya chama. Tuwape daftari la kuamulia.