Kikohozi Kisichoisha Kisifichwe

Ndugu zangu wa vikundi, Korona iliingia Kenya Machi 2020. Aprili, eneo la Nairobi likafungwa mpaka Julai. Sisi wa Membley tulikuwa ndani, kwa hiyo mchana njia ya kwenda hospitali ya Thika au Kenyatta ilibaki wazi. Kilichowafunga wengi ni woga: waliokohoa walijificha wasipelekwe karantini.

Lakini saratani ya mapafu haingoji. Nayo hufanana na TB: kikohozi, kukonda, damu kwenye makohozi.

Basi tukubaliane. Kikohozi kikipita wiki mbili, mtu apimwe makohozi. TB isipoonekana, au dawa zisiposaidia, aombe picha ya kifua upesi, hata kama havuti sigara. Janga lingine likija, kikundi kimsindikize. Peke yake ataogopa.